Mshenga wa Upande wa Pili

Kwa miaka minane nilikuwa na cheo kirefu kuliko chama chenyewe. Niliitwa Katibu wa Uhusiano wa Kimataifa, na ofisi yangu ilikuwa ncha ya meza ya chakula nyumbani kwangu Tabata, ile ncha iliyo karibu na friji. Hapo palikaa kompyuta, mhuri wa chama na faili moja la buluu. Wageni wakija kula, mambo ya nje yalihamishiwa juu ya friji. Mke wangu alizoea kusema, "Sogeza dunia, mchuzi unakuja."

Chama chetu ni kidogo na sitakitaja jina. Atakayekitafuta atakipata kwa taabu ile ile tuliyonayo sisi ya kuwatafuta wapiga kura. Ni chama cha mrengo wa kati: hatutaki serikali imiliki kila duka, wala hatutaki kila jambo liachiwe mwenye duka. Ukiyasema hayo kijiweni watu wanakutazama kama mtu aliyeulizwa chai au kahawa akajibu maji. Lakini duniani vyama vya namna yetu ni vingi, na vina umoja wao unaovikutanisha kutoka mabara yote. Vingine vinatawala nchi. Chetu kinatawala baraza moja Vingunguti.

Ndani ya umoja huo kuna wanachama kamili na kuna watazamaji. Sisi tulikuwa watazamaji.

Nimewahi kuhudhuria mkutano mkuu wao mara mbili, ughaibuni, kwenye kumbi zenye baridi ya makusudi. Mtazamaji anapewa beji ya kijivu. Mwanachama kamili anapewa beji ya kijani na kadi ya kijani ya kupigia kura, na hoja inapofika mwisho, mwenyekiti anaagiza kadi juu, ukumbi mzima unageuka shamba la mahindi baada ya mvua. Sisi wa kijivu tunakaa nyuma ya nguzo, tukiwa na haki mbili: kusikiliza na kunywa kahawa. Safari moja nilijisahau nikainua mkono. Dada mmoja wa mapokezi akanijia kwa kunyata, akadhani nauliza choo, akanielekeza kwa heshima kubwa. Nilienda. Ningefanyaje?

Tangu siku hiyo nilikuwa na haja moja: kuiona kadi ya kijani mkononi mwa mtu wa kwetu kabla sijazeeka. Wenzangu wa umri wangu walikuwa wanajenga Pugu na kufuga kuku. Mimi nilikuwa nataka karatasi ngumu ya kuinua.

Kwa hiyo nikakaa kwenye ile ncha ya meza nikaanza kuandika maombi ya uanachama kamili. Tatizo likajitokeza ukurasa wa kwanza, pale fomu ilipouliza chama kina nini. Wabunge hatuna. Jengo hatuna. Kitu cha pekee tulichokuwa nacho, ambacho sijakiona kwenye chama kingine chochote, kikubwa wala kidogo, ni jinsi tawi letu la Vingunguti linavyoamua mambo yake.

Mwenyekiti wa tawi lile ni mama wa miaka sitini na kitu, mtoto wa mjini wa vizazi na vizazi, ambaye kila alfajiri anauza supu ya makongoro kwa wanaume wanaotoka kufanya kazi machinjioni. Marehemu baba yake alikuwa mshenga. Alipeleka posa Buguruni, akapeleka Kinondoni, akapeleka mpaka huko Pugu enzi ambazo Pugu ilikuwa safari ya kufungiwa chakula. Binti yake alifuatana naye akiwa amebeba leso yenye barua ya posa, na njiani alimsikia mzee akizungumza peke yake kwa sauti mbili: sauti ya bwana harusi, halafu sauti ya wakwe. "Mshenga anayejua maneno ya aliyemtuma tu," mzee alikuwa akimwambia, "huyo ni tarishi. Mshenga anajua na maneno ya yule anayemwendea."

Mama yule alipokuwa mwenyekiti aliuleta ushenga ndani ya siasa. Kwenye tawi lake, watu wakigawanyika, hakuna anayejisemea. Kila upande unachagua mshenga kutoka upande wa pili. Yaani mpinzani wako ndiye atakayesimama kueleza hoja yako, na ataeleza mpaka wewe mwenyewe uridhike useme, "Amefikisha." Usipolisema neno hilo, anaanza upya. Na kura haipigwi mpaka pande zote mbili ziwe zimefikishiwa.

Ningeliandika hivyo hivyo nilivyolieleza sasa, hadithi hii isingekuwepo. Lakini nimesoma chuo kikuu, na mtu aliyesoma chuo kikuu akiona mbuzi anaandika mnyama mdogo wa jamii ya wacheuaji. Nikaandika kwamba chama chetu kinaendesha Kituo cha Usuluhishi wa Kidemokrasia. Nikakipa mkurugenzi. Nikakipa wawezeshaji. Ukurasa wa nne, Mungu anisamehe, nikakipa mtaala.

Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyozoea kujibiwa. Umoja umefurahishwa sana na maombi yetu. Wajumbe wawili wa kamati ya uanachama watakuja Dar es Salaam, na wangependa kutembelea Kituo.

*

Nilikwenda Vingunguti siku hiyo hiyo. Nilimkuta mwenyekiti uani, anasugua sufuria kubwa la supu kwa mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Msomi. Mbona umenyauka hivyo? Hawakupi chakula huko Tabata?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kusugua.

"Kituo kipi?"

"Hiki," nikaonyesha baraza lake, lenye mabenchi mawili na jiko la mkaa pembeni.

"Hili ni baraza langu."

"Kwenye karatasi ni kituo."

"Ehe. Na mie kwenye karatasi ni nani?"

"Mkurugenzi."

Aliangua kicheko mpaka mkono wa kusugua ukasimama. Akamwita mkwewe aliyekuwa ndani: "Wee mwanamke, njoo umwone mkurugenzi alivyojaa masizi!"

Aliponyamaza nikamwekea mpango wangu. Tungekodi ukumbi Kinondoni, wenye viyoyozi. Tungetundika bango. Tungechagua watu wanne wenye ulimi mzuri, tukawafanyisha mazoezi ya mjadala, wageni wakaona, wakapiga picha, wakaondoka.

"Siku gani?"

"Jumamosi, saa kumi."

"Jumamosi saa kumi tuna ishu ya kiwanja."

"Mama, hiyo si tunaweza kuisogeza?"

"Tuisogeze, eti. Wageni wanaondoka Jumapili, kiwanja kinabaki. Kocha na mama lishe wameshaacha kuamkiana, nikiwaacha wiki nyingine watarushiana masufuria." Akaanza tena kusugua. "Waje hapa. Wakitaka kukuona wewe, wewe uko Tabata. Wakitaka kutuona sie, sie tuko hapa, na tuna kikao."

Nikajaribu kumwambia kwamba bila uanachama kamili tutabaki nyuma ya nguzo maisha yetu yote. Akaniuliza hiyo nguzo inanifanya nini. Nikaaga.

*

Wageni walikuwa wawili. Mmoja mzee mwembamba, mrefu, kutoka nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya, aliyewahi kuwa mbunge kwao na sasa ndiye aliyeongoza kamati. Mwingine mama wa Afrika Magharibi, mwanasheria, amevaa kitenge cha kwao chenye rangi za kutosha kuwasha taa. Njiani kwenye gari mzee aliniuliza kwa upole kama Kituo kiko mbali. Nikamjibu tunakikaribia, jibu ambalo kwa mtazamo fulani lilikuwa la kweli.

Tulipofika baraza lilikuwa limejaa na watu wengine wamekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa. Mzee alipewa benchi fupi. Alipokaa magoti yakamfika kifuani. Mama mwanasheria alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mwenyekiti akaniangalia kwa jicho lililosema, huyu kalelewa. Mimi nikapewa ndoo katikati yao ili nitafsiri.

Mwenyekiti aliwakaribisha kwa sentensi moja, akaingia kwenye ajenda.

Mtaani pale pana kiwanja cha wazi. Timu ya mtaa inafanya mazoezi hapo, na kocha wake ni mzee mstaafu wa bandarini ambaye sauti yake haihitaji filimbi. Mama lishe wanaopika kando ya barabara walikuwa wameomba wahamie upande wenye kivuli wa kiwanja hicho. Tawi lilitakiwa lipeleke msimamo mmoja serikali ya mtaa. Upande wa mama lishe wakamchagua Kocha awe mshenga wao. Upande wa mpira wakamchagua kiongozi wa mama lishe, mwanamke mnene mwenye cheko la karibu, ambaye siku hiyo hakucheka.

Kocha alisimama, akakohoa. "Haya. Mie leo ni mama lishe."

"Mpeni kanga!" akapiga kelele mtu wa nyuma.

Kanga ikaja, ikapita mkono kwa mkono, ikamfika, akajifunga kiunoni na uso wake wa kikatili ule ule. Baraza lilicheka mpaka mbuzi wa jirani wakajibu.

"Sie tunapika barabarani," Kocha akaanza. "Vumbi la magari letu. Jua letu. Tukiambiwa ondokeni, tunaondoka na sufuria la moto. Tunataka kivuli, basi. Hatutaki kiwanja chote."

"Hajafikisha," akasema kiongozi wa mama lishe. "Hajasema maji."

"Maji gani?"

"Kocha, bomba liko wapi?"

"Bomba si lipo pale kwenye kona, nyuma ya goli."

"Na sie tunachotaga wapi?"

Kocha akatazama watu, akatazama ile kanga. "Hilo mie sikulijua," akasema.

Miaka yote alikuwa anawapigia vijana kelele kando ya bomba, na hakuwahi kujiuliza ndoo zile zinakwenda wapi.

Sasa kazi yangu ilikuwa kuyapeleka maneno hayo kwa wageni. Nikawaambia kwa Kiingereza cha chuo kikuu kwamba mwezeshaji amebaini pengo la taarifa na analijumuisha kwenye tathmini yake ya mahitaji.

"Msomi, simama hapo," mwenyekiti akasema.

Nikasimama, na ndoo ikapinduka.

"Kocha kasema maneno matatu. Wewe umesema mpaka mate yamekukauka. Umewaambia nini?"

"Natafsiri, mama."

"Kocha kakupa ugali, unapakua pilau. Wape ugali."

Watu wakapiga makofi. Nikakaa, nikawageukia wageni, nikawaambia: amesema hilo hakulijua. Mzee aliyekuwa anaandika kwenye kijitabu chake akaacha kuandika, akainua uso, akamtazama Kocha kwa muda.

Kocha akaongeza maji kwenye hoja. Akasema kina mama wanavuka barabara na ndoo kichwani mara nyingi kabla jua halijatoka, ilhali bomba liko kivulini. "Amefikisha," akasema kiongozi wa mama lishe, taratibu, kama mtu anayepokea kitu chenye uzito.

Yeye alipochukua zamu yake ya kuwasemea watu wa mpira, hakupewa chochote cha kuvaa, akadai filimbi. Akapewa. Akaeleza kwamba saa kumi na moja jioni ndiyo saa ambayo kijana asiye na kazi hana pa kuweka miguu yake. Kwamba mtaa unaowaita wahuni ndio huo huo unaokwenda kuwashangilia Jumapili. Kwamba ukikata mita chache tu za uwanja hakuna tena uwanja, kuna uchochoro wenye magoli. Kisha akapuliza filimbi. Kocha alikuwa ameinamisha kichwa. "Amefikisha," akasema. "Na kanipita."

Baada ya hapo kura ilikuwa jambo dogo. Kivuli na bomba ni vya mama lishe tangu alfajiri. Saa kumi alasiri masufuria yanatoka, nyavu zinafungwa. Mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba natafsiri kwa ajili ya kadi. Nilikuwa natafsiri kwa sababu nilitaka watu wale wawili wasipitwe na hata neno moja.

Ndipo mzee wa kaskazini akashukuru kwa maneno mazuri, na kwa upole ule ule wa kwenye gari akauliza kama sasa wanaweza kukiona Kituo.

Nikamgeukia mwenyekiti. Nikamwambia alichouliza.

"Mwambie ndiyo hiki."

Nikamwambia.

"Mwambie uliandika kituo kwa sababu baraza ulilionea haya."

Kulikuwa na njia nyingi za kulisema jambo lile kwa Kiingereza, na zote nilizijua. Zingine zingenifanya nionekane mtu mwenye maono. Nikatazama mikono yangu, nikampa mzee ugali. Mama mwanasheria alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Mzee akaandika kitu kifupi kwenye kijitabu.

"Sasa waulize," mwenyekiti akaendelea, "wao wawili wanakubaliana juu yetu?"

"Mama, hilo haliulizwi. Ni siri ya kamati."

"Uliza."

Nikauliza. Wageni walitazamana kama mke na mume walioulizwa na mkwe jinsi wanavyoishi. Mwisho mama mwanasheria akasema hapana, hawakubaliani. Yeye anataka tuingie. Mwenzake anaona tubaki watazamaji, kwa kuwa chama kisicho na mbunge hata mmoja hakijaonyesha kwamba kinaweza kubeba watu. Wamebishana tangu uwanja wa ndege.

"Kumbe na wao wana kiwanja chao," mwenyekiti akasema. "Basi wafanye ushenga."

Sikuamini kama wangekubali. Mzee alinyoosha magoti yake kwa hatua, akasimama. Alipaswa kututetea sisi, watu aliotaka kuwakataa. Mara ya kwanza alizungumza juu ya vigezo, na vipengele, na uwezekano wa kutazama upya baadaye.

"Hajafikisha!" akasema mama mwanasheria, kwa Kiswahili, neno alilokwisha kulidaka. Nusura baraza livunjike kwa vifijo. Mtu mmoja akauliza kama mzee naye anahitaji kanga.

Mzee aliifunga kalamu yake. Akaanza upya. Alisema kwao chama chake kina jengo, kina wataalamu, kina ukumbi wenye vipaza sauti, na kwamba yeye binafsi amekaa bungeni miaka mingi, na mtu wa upande wa pili alipokuwa anazungumza, yeye alikuwa anaandaa jibu. Hakumbuki siku hata moja aliyosema bungeni kwamba jambo fulani hakulijua. Leo amemwona mtu akilisema mbele ya majirani zake, akiwa amevaa kanga, na hakupungukiwa na kitu. Akasema kama umoja wa vyama vya kati hauwapi kura watu kama hawa, yeye hajui kura hizo zimewekewa nani.

"Amefikisha," akasema mwenzake.

Niliyatafsiri hayo, na Kocha akaitengeneza kanga yake kiunoni.

Kisha ikawa zamu ya mama mwanasheria, rafiki yetu, kutupinga. Nilitegemea angetupinga kidogo, kwa adabu. Alikuwa mwanasheria. Alisema tawi hili ni zuri kuliko mengi aliyoyaona. Lakini umoja haukai barazani. Uko mbali na unasoma karatasi. Na karatasi tulizoupelekea zina kituo ambacho hakipo. Mwaka huu ni kituo. Mwaka mwingine utakuwa ni uchaguzi wa ndani ambao haukufanyika, nao umoja utaamini, maana habari zake zitaletwa kwa Kiingereza kizuri kama hiki. Chama kinachoonea haya ukweli wake, tena ukweli mzuri namna hii, bado hakijawa tayari kuhesabiwa.

Nililitafsiri lote. Sikuongeza sukari wala sikuipunguza.

"Amefikisha," mzee akasema, kwa sauti ya chini.

Mwenyekiti hakumtazama mzee. Alinitazama mimi. "Na kwako, Msomi? Maana hilo lako. Amefikisha?"

Nimewahi kutetea tasnifu mbele ya maprofesa watatu. Hapakuwa na swali gumu kama hili.

"Amefikisha, mama. Kabisa."

"Haya basi. Andika upya. Hapa hapa."

Mkwewe akaleta daftari la shule la mjukuu, ukurasa mmoja una hesabu za kugawanya. Nikaandika kwa Kiswahili kwanza, nikisoma kwa sauti kila sentensi, na tawi likinisahihisha. Niliposema "wanachama hukutana kila mara," Kocha akasema, "Jumamosi, wakati mwingine hatukutani, kuna misiba." Nikaandika hivyo. Niliposema "hatuna wabunge," kiongozi wa mama lishe akataka niongeze "bado." Mwenyekiti akakataa: "Hatuna ni hatuna." Neno baraza aliniamuru niliache kwa Kiswahili hata kwenye tafsiri, wakitaka kujua maana yake wawaulize wajumbe wao waliokaa juu yake. Nikaandika na tafsiri hapo hapo. Mhuri ulikuwa Tabata, juu ya friji. Akasaini yeye, na Kocha akasaini kama shahidi, bado amevaa kanga.

Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Nimeandika vitu virefu maishani, vingine vimechapishwa, na rafu yangu ina vyeti ambavyo mke wangu huvifuta vumbi kwa huruma. Hakuna nilichokiandika ambacho nakionea fahari kama ule ukurasa na nusu wenye hesabu za kugawanya mgongoni. Mzee alitaka nimpe nakala safi. Mama mwanasheria akasema hapana, achukue huo huo. Mzee akaukunja, akauweka ndani ya kijitabu chake.

*

Tulipokelewa kuwa wanachama kamili. Barua pepe iliingia mchana, tukiwa mezani, na mke wangu ndiye aliyeisoma kwanza kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na mchuzi. Aliisoma mara mbili. Kisha akalishusha faili la buluu kutoka juu ya friji, akalirudisha mezani katikati ya sahani, akasema, "Leo dunia ikae."

Chama kikamteua mwenyekiti wa Vingunguti awe mpiga kura wetu. Sikuulizwa, na ningeulizwa ningesema hivyo hivyo, baada ya kimya kidogo. Na mkutano wa kwanza uliotukuta, umoja ukauitisha kwa njia ya mtandao. Kwa hiyo ile kadi ya kijani niliyoiota miaka minane nyuma ya nguzo sikuwahi kuiona ikiinuliwa. Ilikuwa kitufe kwenye kompyuta yangu, nayo kompyuta ikiwa juu ya kitambaa cha plastiki chenye picha za matikiti, barazani, tawi zima limesimama nyuma yetu kana kwamba kuna mechi. Walipotaja jina la chama chetu kwenye orodha ya wanachama kamili, Kocha alipiga kelele iliyosikika machinjioni. Mwenyekiti akarekebisha mtandio wake, akasogea mbele ya kamera, akawaamkia wote.

Hoja ilikuwa kama chama kimoja mwanachama kisimamishwe kwa kuchelewesha uchaguzi wake wa ndani. Watu wakazungumza, nikatafsiri. Kisha vitufe viwili vikatokea, kijani na chekundu, na saa pembeni ikaanza kuhesabu kurudi nyuma.

"Bonyeza, mama," nikamwambia.

"Nibonyeze kipi?"

"Kijani. Wasimamishwe. Rafiki zetu wote wanabonyeza kijani."

Mkono wake haukutoka mapajani. "Wale wanaokataa wanasemaje?"

Nikaitazama saa. Nikasema harakaharaka kwamba wanasema chama kile kina matatizo yake, kinaomba muda.

"Hujafikisha."

"Mama, saa inakimbia."

"Ikimbie. Wao hawapo hapa. Mshenga wao ni wewe."

Nyuma yangu mtu akaninyooshea kanga. Nikaifunga kiunoni, kwa kuwa huo ndio utaratibu wa tawi letu, na mbele ya vyama vya mabara yote nikaanza upya: kwamba nchi yao ilikuwa na mafuriko, kwamba wanachama wao wengi walikuwa kwenye kambi, kwamba uchaguzi ambao nusu ya watu hawawezi kuufikia ungekuwa uchaguzi wa karatasi tu. Nilizungumza kama mtu aliyetumwa. Nilipoanza nilikuwa wa kijani. Nilipomaliza sikuwa na hakika tena.

"Umefikisha," akasema.

Akafuta kidole kwenye ncha ya mtandio, akabonyeza. Alichobonyeza ni siri ya kura. Kisha akaniuliza kama kuna hoja nyingine.